Kioo cha Ubavuni cha Nyuma Kikivunjika: Jua Haya Kabla ya Kwenda Gereji



Zamani mambo ya gari yaliachiwa baba. Yeye ndiye aliyejua fundi, bei na duka la spea. Leo wengi wetu tunaendesha wenyewe. Asubuhi tunawapeleka watoto shule, mchana tunapitia sokoni, na jioni tunamchukua bibi hospitali. Gari likipata hitilafu, mama ndiye anayesimama gereji na pochi yake mkononi. Kwa hiyo katika safu hii ya mwezi huu tutazungumzia jambo ambalo wengi hatulifikirii mpaka litufike, yaani kioo cha ubavuni cha nyuma.

Huenda ukasema, "Kioo ni kioo, fundi ataweka kingine." Lakini kumbuka ni nani anayekaa karibu na kioo hicho. Baba na mama hukaa mbele, na watoto hukaa nyuma. Kichwa cha mtoto anayesinzia safarini huegemea kioo hicho hicho. Kikiwekwa kioo kisichofaa, hutaona tofauti siku ya kulipa. Tofauti itaonekana siku ya ajali, na hapo mama hana nafasi ya kurudi gereji kulalamika.

KIOO HIKI NI CHA NAMNA GANI?

Gari lina vioo vya aina mbili. Kioo cha mbele cha dereva ni cha tabaka, yaani vioo viwili vyembamba vilivyobandikwa pamoja na utando wa plastiki katikati. Jiwe likikigonga hupasuka mstari au alama kama utando wa buibui, lakini hakimwagiki. Ndiyo maana ufa mdogo kwenye kioo cha mbele mara nyingine huweza kuzibwa.

Vioo vya ubavuni katika magari mengi ni vya namna nyingine. Hivi vimekazwa kwa moto. Kiwandani kioo hukatwa kwanza kwa umbo lake, kisha huingizwa katika tanuru lenye joto la zaidi ya nyuzi 600 za sentigredi, halafu hupulizwa hewa baridi kwa ghafla. Ngozi ya nje hupoa na kuwa ngumu mapema, na sehemu ya ndani hupoa baadaye ikiwa inavutana na ile ya nje. Mvutano huo humfanya kioo huyo mwembamba, wa milimita 3 hadi 5 hivi, awe na nguvu mara 4 hivi kuliko kioo cha kawaida cha unene uleule.

Mvutano huohuo ndio unaofanya kioo kikivunjika kimwagike chote mara moja, vipande vidogo vidogo mfano wa punje za mahindi. Vipande hivyo vinaweza kuchubua, lakini havichomi kama kisu.

Kutokana na hayo, shika mambo matatu:

Kwanza, kioo cha namna hii hakizibwi. Kikipasuka kimekwisha, na yeyote anayekuambia atakiziba anakula fedha yako.

Pili, hakikatwi wala hakitobolewi baada ya kukazwa. Ukikuta fundi anajitolea "kupunguza kidogo" kioo cha gari jingine ili kienee kwako, jua kwamba hicho alicho nacho si kioo kilichokazwa.

Tatu, udhaifu wake uko kwenye kingo. Ukikisimamisha juu ya sakafu ya saruji, ukingo ukamegeka hata kidogo, kinaweza kuvunjika papo hapo au siku nyingine mlango ukibamizwa. Kwa hiyo kioo kinaponunuliwa kifungwe ndani ya blanketi au maboksi, na kilazwe juu ya kitu laini. Kama kinaletwa kwa bodaboda, abiria akipakate. Kisifungwe kwa mpira nyuma ya kiti.

HATARI YA KIOO CHA DIRISHA LA NYUMBA

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Vile vioo vidogo visivyofunguka, hasa cha pembe tatu kilicho mwisho wa mlango wa nyuma, mara nyingine havipatikani haraka madukani. Basi hutokea fundi akampeleka mama kwa muuza vioo vya madirisha ya nyumba, kikakatwa kipande kwa kipimo, kikabandikwa. Bei ni ndogo na kazi huisha saa hiyo hiyo. Ukikitazama kwa mbali huwezi kukigundua.

Kioo cha nyumba kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha. Wewe mwenyewe umekwisha kuona bilauri ikivunjika jikoni. Sasa fikiria vipande hivyo karibu na shingo ya mtoto. Afadhali kukaa na nailoni kwa juma moja huku ukitafuta kioo halali kuliko kuokoa fedha kidogo kwa njia hiyo.

Utakitambuaje kioo halali? Tazama kona ya chini, utaona chapa iliyochorwa ndani ya kioo chenyewe, wala haifutiki kwa kidole. Mara nyingi huwa na jina la kiwanda, na neno TEMPERED kwa kioo kilichokazwa au LAMINATED kwa kioo cha tabaka. Kuna pia herufi E yenye namba ndani ya duara, ambayo ni alama ya kupasishwa kwa kanuni za kimataifa, au neno DOT kwa vioo vilivyotengenezwa kufuata sheria za Marekani. Kioo kisicho na chapa yoyote ukiache dukani. Pitisha macho kwenye kingo pia, maana kioo cha kiwandani kingo zake zimelainishwa, na kilichokatwa mtaani kingo zake ni kali.

Magari mengine mapya na ya bei kubwa yana kioo cha tabaka hata ubavuni, kwa ajili ya kupunguza kelele na kuwachelewesha wezi. Kwa hiyo kabla hujanunua, soma chapa ya kioo cha upande wa pili ambacho bado ni kizima. Hicho ndicho mwalimu wako.

NI KIOO GANI HASA KILICHOVUNJIKA?

Ukifika dukani ukisema tu "nataka kioo cha nyuma," utapewa usichokitaka. Upande wa nyuma wa gari unaweza kuwa na vioo vya namna tatu:

1. Kioo cha mlango kinachopanda na kushuka.

2. Kioo kidogo kisichofunguka ndani ya mlango huohuo. Wengi hujiuliza cha kazi gani. Sababu ni gurudumu. Mlango wa nyuma umekatwa chini ili kulipisha tairi, kwa hiyo kioo kipana hakiwezi kushuka chote ndani yake. Mafundi wa kiwanda hukigawa, sehemu moja ikashuka na nyingine ikabaki mahali pake.

3. Kioo kilichobandikwa kwenye bodi nyuma ya mlango, kama katika magari ya familia yenye viti vya safu tatu.

Halafu kuna suala la kulia na kushoto. Jirani yangu mmoja alimtuma kijana dukani akamwambia kioo ni cha kulia. Mama alikuwa amesimama mbele ya gari akilitazama, kwa hiyo kulia kwake kulikuwa kushoto kwa gari. Kijana alirudi na kioo kizuri kabisa cha upande usiotakiwa, na mwenye duka akakataa kukirudisha. Katika biashara ya spea, kulia na kushoto huhesabiwa ukiwa umekaa ndani ya gari unatazama mbele. Kwa magari yetu ya Tanzania, Kenya na Uganda, kulia ndiko aliko dereva. Sema hivyo: "upande wa dereva, mlango wa nyuma." Hapo hakuna wa kukosea.

Chukua pia namba ya modeli na namba ya chesi. Zimo kwenye kadi ya gari na kwenye kibati kilichopigiliwa kwenye bodi. Jina peke yake halitoshi. Mathalani, Toyota Noah zilizotoka kati ya mwaka 1996 na 2001 zina modeli SR40, na zilizofuata kuanzia mwaka 2001 ni AZR60. Zote zinaitwa Noah, lakini vioo vyake haviingiliani.

Mwisho tazama rangi. Magari mengi ya Japani yana vioo vya nyuma vyeusi vilivyotiwa rangi kiwandani ndani ya kioo chenyewe. Vingine ni vyeupe vilivyobandikwa tinti. Ukikwaruza pembeni kwa ukucha na kukuta utando, hiyo ni tinti. Ukinunua kioo cheupe kwa gari la vioo vyeusi, itakubidi ununue na tinti, na gari litabaki na jicho moja tofauti. Baadhi ya vioo vya nyuma vilivyobandikwa vina nyaya nyembamba za redio ndani yake. Ukinunua kisicho nazo, redio itaanza kukoroma na utamlaumu fundi bure.

SAA YA KWANZA BAADA YA KUVUNJIKA

Kama kimevunjwa na mwizi, usianze kufagia. Piga picha kwa simu, nje na ndani. Nenda polisi ukaandikishe, upate namba ya RB ukiwa Tanzania, au namba ya OB ukiwa Kenya. Bila namba hiyo bima haitakusikiliza.

Kisha watoe watoto upande huo. Vaa viatu na glovu, au funga mikono kwa kitambaa kizito. Okota vipande vikubwa, halafu tumia mashine ya kufyonza vumbi. Kama huna, vituo vingi vya kuoshea magari wanayo. Usipanguse kiti kwa kiganja hata kama kinaonekana safi.

Kiti cha mtoto kishughulikie peke yake. Kitoe nje, vua kitambaa chake, kung'ute, kisha pitisha tochi kwenye mikunjo, na hasa ndani ya kufuli la mkanda. Punje moja ya kioo ikikaa ndani ya kufuli, mkanda unaweza kuonekana umefungwa kumbe haukushika. Kama kufuli linakwama, kiti hicho kisitumike tena mpaka kimetazamwa na mjuzi.

Usibonyeze swichi ya kioo kilichovunjika. Mashine ndani ya mlango itasaga vipande na kujiharibu, na utalipia mambo mawili badala ya moja.

Kwa muda, ziba kwa nailoni nzito inayopitisha mwanga, ili dereva aendelee kuona nyuma. Bandika gundi ya karatasi kwenye fremu, na usiiache juani siku nyingi, kwa maana huacha uchafu na kung'oa rangi. Mtoto asikae dirisha hilo, kwa sababu nailoni haimzuii mtu.

JE, BIMA ITALIPA?

Bima ndogo haikulipii kioo chako. Hiyo hulipa madhara uliyomsababishia mtu mwingine. Mwenye bima kubwa ndiye mwenye la kuuliza, na aulize maswali matatu kabla hajagusa kitu. Je, mkataba unataja vioo vyote au kioo cha mbele tu? Je, mimi mwenyewe nachangia kiasi gani kwanza? Je, nikidai, nitapoteza punguzo langu la mwakani? Mara nyingine kioo kidogo cha mlango bei yake iko chini ya kile unachotakiwa kuchangia. Hapo ni afadhali kulipa mwenyewe. Lakini usimwambie fundi aanze kazi kabla hujaisikia bima, kwa sababu wengi wao hutaka kuona gari kwanza.

KIPYA AU KILICHOTUMIKA?

Pale Gerezani kwa Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kwa Nairobi, utakuta vioo vipya na vilivyotolewa kwenye magari yaliyokatwa Japani. Kwa kioo kilichokazwa, kilichotumika si kibaya, mradi ni cha asili na kingo zake ni nzima. Kishike kwenye mwanga, kitazame mikwaruzo ya kushuka na kupanda, na pitisha kitambaa kwenye kingo zote. Kikinasa nyuzi, pamemegeka.

Uliza bei maduka mawili au matatu kabla ya kutaja gereji yako. Uliza pia kama bei ni ya kioo peke yake au pamoja na kufunga. Dai stakabadhi iliyoandikwa modeli, upande, na siku za kurudisha endapo hakienei. Mwuzaji mwaminifu hataona vibaya.

SIKU YA KUFUNGA

Kwa kioo kinachopanda na kushuka, fundi hufungua paneli ya ndani ya mlango. Nyuma yake kuna nailoni inayozuia maji yasiingie ndani ya gari. Irudishwe nzima, na ikichanika ibadilishwe, la sivyo kila mvua utakuta zulia limelowa. Kabla kioo kipya hakijaingia, vipande vya zamani vifyonzwe vyote kutoka tumboni mwa mlango. Fundi mvivu huviacha, navyo hulia kama kayamba kila ukipita kwenye tuta, hukwaruza kioo kipya na kuziba matundu ya chini ya kutolea maji. Maji yakikaa humo, mlango unaoza kwa kutu. Mwombe akuonyeshe matundu hayo yako wazi. Mwambie pia akague raba za njia ya kioo.

Kwa kioo kinachobandikwa, kazi ni tofauti. Gundi yake ni maalumu ya vioo vya magari. Silikoni ya bafuni haifai. Haishiki kwa nguvu inayotakiwa, na ile inayonuka kama siki huchochea kutu kwenye bati. Fundi akikwangua gundi ya zamani na kufikia bati, apake dawa ya kuzuia kutu kwanza. Wenzetu wa pwani, Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, walitilie mkazo jambo hili, kwa sababu hewa ya chumvi haisamehi bati lililo wazi.

Soma kwenye chupa ya gundi muda wa kukauka, na umpe fundi muda huo. Katika siku ya kwanza usibamize milango ukiwa umefunga vioo vyote. Hewa inayobanwa ndani husukuma kioo kibichi nje. Acha dirisha moja wazi kidogo, na usipeleke gari kuoshwa kwa mpira wenye nguvu.

KABLA HUJALIPA

Pandisha na kushusha kioo mara tano hivi. Kisipande kwa kusuasua wala kuinama upande mmoja. Jaribu swichi ya mlango na ya dereva. Kama kioo chako hupanda chenyewe kwa mguso mmoja, huenda kikahitaji kupangwa upya baada ya waya kuchomolewa. Mwachie fundi hilo, lisibaki kwako.

Katika magari mengi kioo cha dereva peke yake ndicho kinachorudi kikigusa kitu. Vya nyuma vinaweza kuendelea kupanda hata pakiwa na vidole. Hakikisha kitufe cha kufunga vioo vya nyuma, kilicho mlangoni mwa dereva, kinafanya kazi, na kile kifuli kidogo cha watoto ubavuni mwa mlango hakikusogezwa wakati wa kazi.

Gundi ikishakauka, mwaga maji kwa kopo juu ya kioo taratibu, kisha papasa zulia, na kwa kioo cha bodi chungulia hata shimo la tairi la akiba. Maji hupenda kujificha huko.

Ukichora namba ya gari kwenye kioo kipya ili kuwakatisha tamaa wezi, ichorwe juu juu kwa dawa au mchanga wa kupuliza. Kuchimba kwa nguvu kunaweza kukivunja hapo hapo.

KATA UWEKE NDANI YA GARI

• Modeli na namba ya chesi nimeandika.
• Upande: wa dereva au wa abiria.
• Namna ya kioo: cha kupanda, kidogo cha mlango, au cha bodi.
• Rangi na nyaya nimelinganisha na kioo kizima.
• Chapa ya kiwanda nimeiona kwa macho yangu.
• Bima nimeuliza, RB au OB ninayo.
• Vipande vimefyonzwa, nailoni ya mlango imerudishwa.
• Swichi, kifuli cha watoto na maji nimejaribu.

Basi mama, fundi akikuona unaijua kazi yako, naye ataijua yake. Usione haya kuuliza wala kuinama kuchungulia. Wanaokaa kiti cha nyuma hawajui kusoma chapa ya kioo, wala hawatakiwi kuijua. Hiyo ni kazi yetu sisi.

Tukutane tena mwezi ujao.